Utepe wa Manjano

Meli ya matembezi ilipoacha bandari, Kulwa na Doto walifungwa tepe za manjano mkononi, kwa kuwa hawajatimiza miaka kumi na minane na sitaha ya juu ilikuwa ya watu wazima tu. Asubuhi ya tatu, mhudumu wa ngazini alisoma hati zao, akachukua mkasi, akaukata utepe wa Kulwa peke yake.

"Na mimi je?" Doto akang'aka. "Sisi ni mapacha!"

"Mwenzako katimiza leo, dada. Hati yako inasema kesho."

Mama yao akacheka. "Ni kweli. Kulwa alikuja saa sita kasoro tano usiku, nawe ukamfuata dakika kumi baadaye. Nenda, Kulwa, mtangulie tena."

Kulwa akapanda. Kule juu pumzi zilimwishia: maji matupu pande zote, duara zima, nchi kavu haionekani, na jua likimeremeta kana kwamba limeumbwa asubuhi ile.

"Doto, tazama!" akasema, na mkono wake ukanyooka pembeni kuutafuta mkono ambao, tangu dakika ya kumi ya maisha yake, haukuwahi kukosekana pale.