Kati ya Ghorofa ya Tano na ya Sita

Mara ya nne lifti ilipokwama, fundi alifungua mlango kwa ufunguo wake akamkuta ndani mwanamke yuleyule wa ghorofa ya sita. Hakuwa na hofu wala haraka. Kapuni mwake ilichungulia chupa ya chai, na vikombe viwili.

"Pole kwa usumbufu, fundi. Pumzika kidogo, unywe chai."

"Nina kazi, mama."

Akapanda hadi chumba cha mota. Akakagua kamba, breki, nyaya, moja baada ya nyingine. Kila kitu kizima, kama Jumatano tatu zilizopita. Miaka ishirini na sita alikuwa akizisikiliza mashine hizi, na hakuna hata moja iliyowahi kumdanganya. Basi anayedanganya ni mtu.

Meneja alikuwa ameshamwambia wazi: ikikwama tena, jengo lile atapewa fundi mwingine.

Mlinzi naye alimtia wasiwasi. Alipoulizwa habari za yule mama, alijibu, "Ni mtu mwema," kisha akajifanya ana shughuli kibandani.

Jumatano iliyofuata fundi hakungoja kuitwa. Saa kumi alikuwa ghorofa ya chini. Yule mama alipoingia kwenye lifti, naye akaingia, akajibanza pembeni, macho yasibanduke kwenye mikono yake. Mkono mmoja ulishika kapu. Mwingine ulibonyeza sita, ukashuka, ukatulia.

Walipopita ghorofa ya tano, lifti ikakwama.

Damu ikampanda fundi. Yule mama hakuwa amegusa kitu, na hilo fundi amelishuhudia mwenyewe.

"Mama, nani anakusaidia?"

"Kunisaidia nini?" Yule mama aliketi sakafuni, akamimina chai. "Una watoto, fundi?"

Huo ulikuwa mtego, fundi hakuwa na shaka. Lakini alimpigia mlinzi simu mara mbili, haikupokewa. Na hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimuuliza jambo lisilohusu nyaya. Akapokea kikombe.

"Binti mmoja. Anataka kuolewa. Watu wa upande wa kijana wanaomba kuja nyumbani tujuane. Nimewaahirishia mara tatu."

"Kwa nini?"

"Kazi." Yule mama aliendelea kumtazama, ikabidi fundi aongeze. "Wakija nitawaambia nini? Mimi ninachojua ni lifti."

"Waambie habari za binti yako."

Fundi akafikiri. Akasema kwamba binti alipokuwa mdogo hakulala mpaka akishike kidole gumba cha baba yake. Kwamba akicheka sana hukoroma kidogo, kama marehemu mama yake. Kwamba akiondoka nyumba itakuwa kimya, na hilo hajamwambia mtu yeyote. Maneno yalikuja yenyewe. Alipotazama saa, nusu saa ilikuwa imekwisha, na kikombe cha pili pia.

"Na ungekuwa unawaita, ungewaita lini?" yule mama aliuliza taratibu.

"Jumapili," alisema, akaishangaa sauti yake mwenyewe. "Waje Jumapili."

Yule mama akatoa simu kapuni, akabonyeza mara moja, akairudisha. Lifti ikashtuka, ikaanza kushuka.

Fundi akaruka akasimama. Kumbe hakukosea hata kidogo. Na yeye, mtu mzima, amelegezwa kwa vikombe viwili vya chai. Akakunja ngumi, tayari kumkamata huyo anayemsaidia mama kabla hajakimbia.

Mlango ukafunguka. Mbele ya kisanduku cha umeme wa lifti, mkono ukiwa bado kwenye swichi, alisimama binti yake. Kando yake kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri alimchungulia yule mama kupitia begani mwa fundi.

"Mama," akanong'ona, "amekubali tuje?"