Kalibu Namba Arobaini na Saba

Daktari Kalliopi alishusha kalibu ya tisini na sita siku hiyo kutoka rafuni, akaipapasa kisigino hadi vidole, akaandika.

"Hakuna kitu. Lete nyingine, mjomba."

Manousos, fundi viatu, hakuwa na haraka. Alikuwa na kalibu ya mti, umbo la kushonea kiatu, kwa kila mguu uliowahi kuagiza buti katika mji wao wa mlimani. Zilikuwa na namba tu, maana wanawake wa kisiwa cha Krete hawataki jirani ajue ukubwa wa miguu yao. Majina aliyaweka kichwani. Mguu ukiongezeka hakuchonga kalibu mpya. Aligundisha kipande cha ngozi juu ya ile ya zamani.

Vipande hivyo ndivyo alivyovitafuta daktari.

"Ugonjwa ninaoutafuta ni homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima. Mikono na miguu inaanza kukua upya, polepole, hata mwenyewe hashtuki. Huwapata wanaume na wanawake sawasawa, wengi wakiwa na miaka arobaini hivi."

"Wako wengi?"

"Kama sita katika watu laki moja. Sisi hapa hatufiki hata elfu nne. Lakini kama yupo, nimpate sasa. Akitibiwa mapema anacheza mpaka harusi za wajukuu. Akichelewa, moyo unaharibika."

"Na kama ni mimi?"

"Wewe umekua tumbo tu, mjomba!"

Daktari alicheka kwa sauti yake nene, akichezea pete ya ndoa iliyoning'inia kwenye mkufu shingoni. Joto la siku hizi lilimvimbisha vidole na miguu, alisema. Buti zake alikwishazivua na kuzisukuma chini ya meza.

Manousos akaenda rafu ya mbali, akaleta namba arobaini na saba.

"Huyu!" Daktari aliruka. "Tabaka tatu za ngozi! Kwa miaka mingapi?"

"Sita."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Kila mara alikuwa na sababu yake. Nami si daktari."

"Leo hii hii apande basi aende hospitali, hata kwa kuburutwa. Nani huyo?"

Manousos aliinama chini ya meza, akatoa buti moja, akatumbukiza kalibu ndani yake. Ilizama, ikajaa barabara.

"Rafu zilizobaki tutazimaliza kesho, mwanangu," alisema taratibu. "Basi lako linaondoka saa nane. Na hizo harusi za wajukuu, buti za kuchezea nitakushonea mimi."