Kitanda cha Panya Buku

Mfalme Tembo alitangaza kuwa atakayechonga kijumba kinachofanana na nyumba yake ndiye atakuwa fundi wake. Panya Buku alichonga kwa miezi mitatu. Ndani, mahali pasipo hata dirisha, aliweka kitanda, mkeka na mafiga matatu.

Kima, aliyemaliza chake kwa siku moja, alicheka. "Bwana Buku, unajitesa bure. Nani atajua kama kitanda kimo?"

"Mimi nitajua," Buku akajibu, akafunika paa.

Mwamuzi alikuwa Kifaru, ambaye haoni vizuri, kwa hiyo kila kitu hukisogelea akinuse. Alikiinamia kijumba cha Kima. Pembe ikatoboa ukuta, yakamwagika makapi ya mahindi. Akakiinamia cha Buku, ukuta ukaanguka, na wanyama wote wakasogea kuchungulia. Hata mto wa kitandani ulikuwa umebonyea kana kwamba umelaliwa.

"Fundi ndiye huyu!" Kifaru akanguruma.

"Basi usikizibe tena," wanyama wakamsihi Buku.

Buku akanyoosha mguu wa kitanda uliopinda, akaurudisha ukuta, akaupaka gundi.

"Nilikuwa najua peke yangu," akasema. "Sasa na nyinyi mnajua. Inatosha."