Lenox Amelala

Kiwiko kilikataa kukunjika. Jacktone alikisukuma kwa kidole gumba, akasikia plastiki ikilia, akaacha upesi. Kikivunjika hiki, hana mdoli mwingine anayefaa.

"Mtie kwenye maji ya moto," akasema mkewe, Lynnette, akiinjika sufuria. "Si ndivyo unavyowafanya wenzake?"

Wenzake walikuwa wamejipanga juu ya kabati, askari na mafundi wa plastiki, kimo cha shubiri. Jacktone huwatafuta kwenye marobota ya mitumba Kongowea, na majirani wa Chaani humcheka: kibarua mzima wa bandarini, acheza midoli. Yeye huwajibu kwamba mdoli asiyekunja goti ni kigogo tu. Lakini anayekunja goti, kiwiko na shingo, ukimweka vizuri ukampiga picha, mtu ataapa ni binadamu.

Mama yake kule Ugenya alikuwa ameamini mara mbili.

Kaka yake Lenox, baharia, alianguka kutoka melini kabla ya masika, na bahari haikumrudisha. Daktari alishaonya kwamba moyo wa mama ni mbovu, habari ya ghafla itamuua. Jacktone akanyamaza. Mama alipoomba picha ya Lenox, alimsimamisha mdoli mbele ya mabati yenye kutu, kofia ngumu kichwani, kisogo kwenye kamera. Mama akashukuru, akaomba nyingine, ameketi. Akatumiwa.

Tangu juzi amegoma kumeza dawa mpaka amwone Lenox amelala.

"Ubavu wa kulia," alisema kwenye simu. "Mkono chini ya shavu, magoti yamekunjwa. Alivyolala tangu utotoni."

Lynnette aliitua sufuria mbele ya mumewe. "Mwambie mama ukweli, Baba Ruth. Huyu kesho atataka kumwona akicheza mpira."

"Nimwambie, halafu nimzike?"

Akamtumbukiza mdoli majini.

Maji yakalegeza plastiki. Jacktone akamlaza mdoli kwenye kitanda cha boksi, akamfunika kipande cha leso. Goti likakubali. Kiwiko nacho, polepole. Picha za kwanza zilionyesha mdoli tu, akazifuta. Mama hajameza dawa tangu juzi. Akausukuma mkono chini ya shavu, akainamisha shingo kidogo, kidogo tena.

Lynnette akageukia ukutani. Pale kwenye boksi alikuwa shemeji yake, amechoka na kazi, amelala.

Jacktone akaituma picha. Chai ikapoa bila kuguswa. Kisha simu ikalia.

"Nimemwona," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia. "Amelala vizuri. Dawa nitameza leo."

"Ahsante, Mama."

"Wale wa kwanza niliogopa hawatakunjika. Huyu anakunjika."

Jacktone akamtazama mdoli kwenye boksi.

"Mfunge uzi hivyohivyo, mwanangu, asije akanyooka njiani, umlete Jumamosi. Asiyerudishwa na bahari huzikwa kwa sanamu yake. Baba zako wadogo wamemaliza kuchimba kaburi."