Ufunguo wa Pili

Mama mwenye mtoto anayefanya kazi ya kupanda juu, muulize leo: funguo ziko ngapi?

Mimi napika kwenye kituo cha kusikiliza nyota, hapa milimani juu ya Same. Binti yangu Irine husafisha lile dishi kubwa la chuma. Kabla ya kupanda huzima umeme wa kuligeuza, anafunga swichi kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni.

"Mama, tulia. Haligeuki mpaka nishuke."

Asubuhi ile alikuwa juu. Nikampelekea chai kijana wa mitambo.

"Shikamoo mama. Leo makande yapo?"

"Marahaba. Yapo, ukiwa na meno."

Akacheka, akainamia swichi, akachomoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa mpya, unang'aa, kingo zake bado zina unga wa chuma.

"Huo umeutoa wapi?"

"Nimechongesha mjini. Irine akiondoka na ule mmoja tunakaa kumsubiri kama bibi harusi. Sasa hatusumbuani." Kufuli likafunguka.

"Kwani Irine ameshashuka?"

"Si sweta lake lile, limetundikwa hapo nje?"

Sweta. Irine hulivua kila anapopanda, lisinase kwenye vyuma.

"Yuko juu! Zima!"

Mkono wake ulikuwa umeshabonyeza kuwasha. Simu ya kumpigia mwanangu sikuwa nayo. Simu zetu zote huachwa getini, zisivuruge mitambo.

"Mama, halisimami ghafla," akasema, huku akizima.

Nikatoka mbio hadi uani. Dishi lilikuwa limeanza kuinama.