Kasuku Ametulia

Niliandika ubaoni kwamba saba na tano ni kumi na moja, makusudi, kisha nikageuka kumtazama Kasuku.

Tulimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mimi ni mwalimu msaidizi, kazi yangu ilikuwa kuketi kando yake na kumbembeleza: "Ukitulia, mama atakuja kukuchukua mapema."

Siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa amerudi baada ya mazishi ya mama yake, na tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo.

"Afadhali leo tunasikilizana," mwalimu wa darasa alininong'oneza. Nilichukua chaki, nikaenda ubaoni.

Siku nyingine kosa kama lile lingemrusha kitini. Sasa alikuwa akisugua kifungo cha sweta yake, kile ambacho mama yake alikishona kwa uzi mwekundu kwa kukosa wa buluu.

Wenzake waliliona kosa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walimgeukia, wakamwachia yeye.

Mkono wake ukapanda polepole.

"Sema, mwanangu," nikasema, chaki ikinivunjikia kiganjani.

Hakutazama ubao. Alitazama mlango.

"Mwalimu, si umeona leo nimetulia?"