Mwanangu Huyo

Siku hizi gari likisimama mlangoni mwako, nguzo ya kamera husoma namba yake na kukuuliza dereva ni nani kwako. Ukishataja undugu, kosa lake ni lako na la kila atakayesimama kwako.

Bi Mwanasha wa Chumbageni, ambaye nyumba yake haikosi watu, alijisahau. Asubuhi ya harusi ya bintiye, kijana mmoja alileta viti vya kukodi kwa pikapu.

"Huyu ni nani kwako?" nguzo ikauliza.

"Mwanangu huyo! Mwacheni ashushe," akajibu, kama anavyomwita hata muuza mkaa.

Adhuhuri ile pikapu ya yule kijana ikaonekana imeegeshwa mahali palipokatazwa. Taa ya nguzo mlangoni kwa Bi Mwanasha ikawa nyekundu. Magari ya bwana harusi yakafika, yakapunguza mwendo, yakaiona taa, yakapita.

"Mama, wanaondoka!" bintiye akalia, hina mikononi. "Mkane!"

"Mtoto wa watu kanibebea viti, leo nimkane?"

"Umeulizwa undugu, shoga, wewe ukaleta mapenzi yako ya barazani!" jirani yake Zuhura akamfokea.

Bi Mwanasha akaisogelea nguzo. "Si mwanangu. Simjui."

Taa ikawa kijani. Magari yakarudi, vigelegele vikapigwa, nyumba ikajaa. Bwana harusi akainama kumbusu mkono.

"Shikamoo, mama."

Neno "mwanangu" lilishamfika mdomoni. Akaitupia nguzo jicho, akalimeza.

"Marahaba," akasema. "Karibu, bwana."